Bi Sichana na Mitalawanda Iliyogombana

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni naashushe sufuria kidogo. Ijumaa tumemzika Bi Sichana binti Mabrouk wa Ng'ambo. Alikaribia miaka tisini. Alikuwa msukaji wa ukili wa mikeka na mtambaji wa hadithi. Leo tunamkumbuka kwa hadithi moja tu, ya viatu.

Bi Sichana alizaliwa katika nyumba ya Bi Sheikha, mjini, mama yake akiwa mtumwa humo. Titi la mama yake ndilo lililomnyonyesha Thuwaiba, binti wa Bi Sheikha. Kwa hiyo Sichana na Thuwaiba walikuwa ndugu wa kunyonya. Lishikeni hilo, wasikilizaji. Ndugu wa kunyonya.

Utumwa ulipofutwa, Sichana na mama yake wakahamia Ng'ambo, upande wa pili wa daraja. Siku moja, mwaka 1909, Sichana akaja amevaa buibui, vazi ambalo zamani mtumwa hakuruhusiwa, kumtazama ndugu yake. Bi Sheikha akamtazama juu mpaka chini.

"Hilo vazi la nani?"

"Langu, Bi mkubwa."

"Basi pita nalo mlango wa nyuma."

Sichana hakupita. Akarudi. Wanawake wa Ng'ambo waliposikia, wakaapa: hakuna atakayekanyaga nyumba za mjini, kwa harusi wala kwa msiba. Atakayekwenda, na maiti yake isizikwe na mtu. Watu wazima hao, wenye wajukuu. Upande mmoja ulilinda mlango, upande wa pili ulilinda kiapo, na pande zote mbili zilijiona zimefanya jambo kubwa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Thuwaiba akashika mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Akamtuma Mwanakheir, muuza vitumbua, ambaye alivuka daraja kila siku kwa sababu vitumbua havikuapiwa na mtu. "Mwambie Sichana, nnaogopa. Siku ikifika nataka anishike mgongo."

Sichana hakulia. Mjukuu wake, Bi Ruqaya, anatuambia: "Bibi alikuwa mtu wa kutazama. Aliwatazama wale wanawake wakisuka ukili barazani kwake, kisha akaanza kutamba."

Akatamba habari za jozi ya mitalawanda, vile viatu vya mti. Wa kulia ulimwambia wa kushoto: "Mimi hutangulia msikitini. Wewe hutangulia chooni. Kaa mbali nami." Ikaachana. Wa kulia ukabaki peke yake ndani ya jumba, juu ya zulia, hauwezi kwenda popote. Mwanzoni wanawake wa Ng'ambo walicheka. Siku ya nne mmoja wao, mama yake Shaame, akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Masikini, hana wa kwenda naye."

Nusu ya pili Sichana alimfundisha Mwanakheir, naye akaipeleka kwa Bi Sheikha pamoja na vitumbua: mtalawanda wa kushoto unazunguka mitaa, kila nyumba unaambiwa upite nyuma. Bi Sheikha akaacha kula.

"Kosa lake nini hata apitishwe nyuma?"

Wasikilizaji wapendwa, aliulilia mti. Mtoto wa nyumba yake alifukuzwa miaka miwili, jicho lake likawa kavu. Kipande cha mti kikamtoa machozi.

"Na mwisho wake? Walikutana?"

"Mwisho anao Sichana," akasema Mwanakheir.

"Mwite."

"Hapiti nyuma, Bi mkubwa."

"Nani kasema apite nyuma?"

Hapo Thuwaiba, tumbo mbele, akageuza shingo taratibu. "Wewe, mama."

Bi Sheikha akasogeza kando sahani ya vitumbua. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kuondoa komeo la mlango mkubwa.

Ng'ambo nako hawakuwa tayari kuukosa mwisho. "Nenda," wakamwambia Sichana, "lakini na sisi tunakuja." Wakavuka daraja wanawake kumi na mmoja na mabuibui yao, na kiapo chao wakakisahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Wakaingia mlango wa mbele. Wakakaa juu ya zulia. Sichana akafungua mdomo, na uchungu ukamshika Thuwaiba.

Mwisho haukutambwa siku ile. Sichana alimshika ndugu yake mgongo mpaka mtoto akalia. Mama yake Shaame alichemsha maji. Bi Sheikha alimshikia Sichana taulo.

Baadaye wakapitiana harusini na misibani, na wote wakadai hawakuwahi kugombana. Uongo mtupu. Ila uongo huo tuwaachie.

Bi Ruqaya aliwahi kumuuliza: "Bibi, ile mitalawanda ilikutana?"

Akajibu bila kuinua macho kwenye ukili: "Mitalawanda haina miguu, mjukuu wangu. Wenye miguu walikwenda."

Kwa Bi Ruqaya na jamaa wote wa marehemu, Mungu awape subira, naye amlaze pema. Na wewe unayetusikiliza, uliyeuhurumia mti hivi sasa: jirani yako bado yuko nje. Nenda kamfungulie.