Mzee Jamleck Gachanja na Penseli Iliyokataa Kusema Sita

Waombolezaji wapendwa, wachungaji, majirani na jamaa wote mliopanda hadi hapa Molo, anayewasomea karatasi hii ni Kiarie, mpwa wa marehemu, na amepewa yeye kwa sababu Mzee aliacha neno kwamba watoto wake wasiisome, watalainisha mambo.

Mzee Jamleck Gachanja Muturi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Elburgon, mtoto wa tatu wa marehemu Muturi na marehemu Wachuka, akasomea shule ya msingi papo hapo kuanzia 1959 hadi 1965, akamaliza kidato cha nne mjini Nakuru mwaka wa 1969, na waliosoma naye wanamkumbuka kama kijana aliyezirudia hesabu za ubaoni kimyakimya, ahakikishe mwalimu hajamdanganya. Tabia hiyo hakuiacha. Hata chai aliyoipika mwenyewe aliionja kwanza kwa kijiko.

Mwezi wa pili 1971 aliajiriwa kuwa mchora ramani katika ofisi ya soroveya mmoja mjini Nakuru, wakati mashamba ya walowezi yalikuwa yakigawanywa, na huko ndiko alikokutana na Mzee Elphas Kosgei wa Kuresoi, aliyekuwa akishika mnyororo wa kupimia, wakawa chanda na pete. Katika nyumba ya mlowezi mmoja aliyekwisha kuondoka, Kosgei aliokota penseli ya chuma, zile ambazo hazichongwi, unabonyeza nyuma na ncha inatokea, lakini hii ilikuwa na rula ndogo ya kuteleza ubavuni, ya kuzidisha na kugawanya, kama walivyofanya watu wa vipimo kabla ya kalkuleta kufika, naye akampa rafiki yake. Kutoka siku hiyo marehemu alizisaka penseli za namna hiyo kwenye minada, kwa mafundi wa saa na kwa wajane wa maseremala, na kila aliyoipata aliiuliza swali moja tu, mbili mara tatu, na ikikosa kujibu sita aliirudisha kwa mwenyewe akimtazama sana usoni.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Sue Mugure, Mungu akawajalia watoto wawili, Becky Wachuka na Lewis Muturi, na Mama ameturuhusu tuseme kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa aliulizwa mara nyingi ni nani amesogeza sanduku la penseli, ilhali alikuwa amefagia tu. Alistaafu mwaka wa 2006, akahamia hapa shambani.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu walipohama makwao na jirani akamwogopa jirani, familia ilikimbilia ua wa kanisa kule Milimani, na aliyekuja humu ndani kuokoa sanduku ni Kosgei, akalifunika kwa magunia ya viazi, akalipeleka kwake Kuresoi, akijua vizuri watu wa kabila lake wangemfanya nini wakimkuta na mali ya Gachanja, kisha mwezi wa sita akalirudisha mwenyewe, likiwa bado na kufuli. Marehemu alizipima penseli zote upya. Moja, aliyoinunua Desemba iliyotangulia na ambayo vurugu zilimkuta hata hajaipima, ilikataa kusema sita, naye moyoni akasema rafiki yake amebadilisha, akachukua ya kweli na kumwekea bandia. Jumapili ya tarehe 22 Juni 2008, mbele ya wazee wa kanisa, sebuleni mwake, alimwambia Kosgei kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mzee Kosgei aliweka kikombe chini kabla ya kumaliza chai, akatoka, na kuanzia siku hiyo kuna watu wa hapa Molo waliomwita mwizi, na wengine wako hapa leo.

Penseli ile marehemu aliitembeza mfukoni miaka yote, kama ushahidi. Mwezi wa nane 2022 aliuza miti yake ya misaiprasi kwa mnunuzi wa mbao aitwaye Naftaly, na kwa kuwa hakumwamini, alisimama kando ya kila gogo akipiga hesabu zake, mpaka siku moja, kwa kucheza tu, akaweka mzingo wa gogo na urefu wake kwenye ile penseli mbovu, nayo ikatoa ujazo uleule aliousema Naftaly. Kwanza alishuku kwamba Naftaly ametumwa na Kosgei. Alipima gogo la pili, la tatu, akaenda akahesabu kwa mkono usiku kucha, na kulipokucha akamwambia Mama kwamba penseli ni nzima, ilitengenezewa watu wa magogo, haikutengenezewa mbili mara tatu.

Ilimchukua karibu miaka miwili kuinua mguu, kwa aibu. Tayari figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, tarehe 18 Mei 2024 Lewis alipompeleka Kuresoi, wakamkuta Mzee Kosgei akichambua mbegu za viazi, na marehemu akamnyooshea penseli akisema, "Elphas, hii ni ya magogo. Nilikukosea." Kosgei aliigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Na nitajuaje ni ile ile?" akaingia nayo ndani, hakurudi nje. Njiani marehemu alicheka mpaka akakohoa, halafu akalia, akasema hilo ndilo swali alilostahili.

Alilala alfajiri ya tarehe 3 Septemba 2025, hospitalini Nakuru, akiwa na miaka 74, baada ya kuomba kwamba Kosgei akikubali, ashike jeneza upande wa kichwa. Tulipompigia Kosgei simu aliuliza, "Hayo amesema yeye, ama mmetunga?" Mama akamwapia. Akakata simu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao marehemu aliwafanya waeleze kila kidonge mara mbili, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa ofisi ya zamani. Inatangaza pia, mbele ya wale wale waliosikia lile neno la kwanza, kwamba Mzee Elphas Kosgei hakuiba kitu.

Hapa kwenye karatasi kumeachwa nafasi, kwa sababu hadi jana jioni hatukujua tuandike nini, kwa hivyo Kiarie anasema anachokiona. Pumzika kwa amani, mjomba. Aliyesimama upande wa kichwa ni Kosgei.