Mafuta Chini ya Pikap ya Lodio

Pale Wabera, hapa mjini Isiolo, kona ya duka la mbao ndiyo besi yetu, mahali petu pa kupiga gumzo. Benchi yenyewe ni ubao mmoja juu ya matairi mawili ya lori, na mwenzako akiinuka bila kukuambia, unaanguka. Mugure anauza kahawa ya tangawizi hapo kando, sisi tunatengeneza dunia. Asubuhi hiyo tulikuwa mimi na Githae, ambaye tunamwita Gavana kwa sababu anaahidi kila kitu na hatimizi hata kimoja, na Mbaabu, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila kusema "kisayansi". Mbele yetu ilisimama pikap ya Lodio, na chini yake kipande cha katoni kilikuwa kimelowa mafuta ya giaboksi. Lodio mwenyewe alikuwa amekalia ndoo, ameshika kichwa. Mama yake yuko mbali, Biliqo, kwa Akaale, dada ya Lodio, ambaye ni mwalimu huko. Macho ya mama yamefunikwa na mtoto wa jicho, hata sura ya mjukuu wake hajawahi kuiona. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hapa mjini, na kesho yake walikuwa wanamaliza kazi na kuondoka. Kama mama haletwi leo, basi.

— Fundi anasemaje? Gavana akauliza.

— Aseme nini? Ameweka sili mpya mara mbili, ile mpira ya kuzuia mafuta hapo nyuma, giaboksi inaposhikana na propela. Ya kwanza ilishika mpaka soko ya ng'ombe. Ya pili ikashika mpaka Ngaremara. Nikageuza.

— Si ungeenda tu, ukiongeza mafuta njiani?

— Na ikiisha huko kwa laga, kwa ile mito ya mchanga, gia zishikane? Nitabeba mama kwa mgongo?

Profesa akavuta kahawa kwa kelele, ile kelele yake ya kuomba nafasi.

— Kisayansi, shida ni Meru. Hiyo mafuta ulinunua wapi?

— Meru.

— Umeona! Hiyo imezoea baridi. Ikishuka huku kwa jua yetu, inashtuka.

— Wacha upuzi, Gavana akasema. Kwani mafuta ya Isiolo inachimbwa Isiolo? Shida ni lami. Hii pikap ni ya zamani, ilizoea mashimo. Sili ilikuwa inatikiswa kila siku, inakaza. Tangu ugatuzi uje na lami, sili imelala usingizi.

— Lami ya barabara kubwa ililetwa na serikali ya Nairobi, si ya kaunti!

— Mimi naongea juu ya lami, Profesa. Siongei juu ya aliyeileta.

Lodio hakucheka. Nikamwambia Mugure amwongezee kahawa, angalau mkono upate kazi.

— Dawa iko, Gavana akaendelea. Ndizi. Mbivu kabisa. Unaponda, unamimina kwa giaboksi. Binamu yangu alienda nayo mpaka Moyale.

— Akarudi? Profesa akauliza.

— Alioa huko.

— Kwa sababu gari ilikufa!

— Kwa sababu alipenda mtu! Wewe kila kitu unaona ni gari.

— Sikizeni, Profesa akasema, na sasa alikuwa amesimama, benchi ikainama nusura nimwage yangu. Kisayansi, mafuta inatokea nyuma. Sivyo? Basi Lodio aende Biliqo na rivasi. Akirudi nyuma, mafuta inakimbilia mbele. Mpaka afike, haijavuja hata tone.

Hapo mimi nilichoka. Mtu anatafuta kumletea mama yake macho, wewe unampeleka Biliqo kinyumenyume! Nikawaambia hivyo, tena kwa sauti, mpaka mwenye duka la mbao akatoa kichwa nje. Lodio akaangalia simu yake, akairudisha mfukoni.

— Shida yangu, akasema, ni kumwambia tena. Nimemdanganya mara mbili. Nikimpigia leo niseme siji, sijui atanijibu nini.

Gavana, mtu wa ahadi, akainama kuitazama ile katoni iliyolowa.

Ndipo Sahra akafika. Huyu anauza maziwa ya ngamia hapa sokoni, na alikuwa na mitungi yake mitupu, ameambiwa Lodio anaenda Biliqo. Alitaka lifti.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, Mama.

— Lodio, twende?

— Mama, pole. Gari ni mgonjwa. Sili ni mpya kabisa, na bado mafuta inasukumwa nje.

— Inasukumwa na nani?

— Sasa Mama, Gavana akasema, hiyo ni gari, haina nani.

— Lakini kitu inasukuma, si ndiyo? Mimi maziwa yangu nikikaza kifuniko, jua ikipiga mtungi unafura, maziwa inatokea popote. Lazima niachie hewa. Hii giaboksi yenu inapumua wapi?

Gavana akamwangalia Profesa.

— Kisayansi... akaanza, na akaishia hapo hapo. Kwa miaka ninayomjua, sijawahi kuona.

Lakini Lodio alikuwa ameinuka. Ndoo ikaanguka nyuma yake.

— Yesu wangu! Sabuni!

— Sabuni gani tena?

— Ya laga! Ya wakati wa mvua!

Sisi wa huku tukaelewa mara moja, na ukitoka kwingine acha nikwambie. Juu ya giaboksi kuna kitundu kidogo cha kutolea hewa. Laga ikijaa na ni lazima uvuke, dereva anakiziba kwa kipande cha sabuni ya mche ili maji yasiingie. Ukifika ng'ambo unakitoa. Lodio alifika ng'ambo akiwa na furaha ya kutosombwa, akaisahau sabuni, akaondoka zake. Tangu siku hiyo giaboksi ikipata moto, hewa inakosa njia, inasukuma mafuta kupitia sili. Ungeweka mpya mpaka kesho.

Akaingia chini na kipande cha waya. Tukasikia anakwaruza. Halafu, fsss!

— Imetoka! akapiga kelele huko chini. Imetoka, jamani!

— Si nilisema joto? Profesa akauliza.

— Ulisema rivasi! tukamjibu pamoja.

Lodio akapanguza kila mahali na kitambaa, akaongeza mafuta mpaka ikaanza kudondoka kwa shimo la kujazia, akakaza bolti. Kisha akaenda nayo mwendo mzuri hadi Ngaremara. Tulimngoja, birika la Mugure likaisha, na hakuna aliyeondoka. Aliporudi tuliweka katoni safi chini, tukapiga magoti kwenye vumbi kama watu wa maombi, Sahra amesimama juu yetu na mitungi yake. Tukangoja. Tukangoja tena. Katoni ilikuwa kavu. Nilisikia machozi yakinijia, na sina haya kusema.

Lodio akapanda, akafuta mikono kwa suruali, akapiga simu.

— Mama, ni mimi. Funga vitu. Nakuja.

Sauti ya mama yake ilitoka polepole, kwa Kiturkana. Lodio akasikiza mpaka mwisho, simu ikakatika, bado ameishika sikioni.

— Amesema nini? Gavana akauliza.

— Anasema alifunga ile siku ya kwanza nilimwambia nakuja. Hajawahi kufungua. Hata blanketi iko ndani ya mzigo, analalia mkeka hivyo tu.

Sahra alikuwa ameshapandisha mitungi nyuma na kukaa mbele, ameufunga mlango.

— Sasa unangoja nini? akamuuliza.

Lodio akatia gia ya kwanza.