Mbegu Ambazo Hatutazirusha Leo

Mchungaji, ndugu na majirani mliopanda mlima kuja kumzika dada yetu, Mungu awape nguvu, mimi ni Sekhobe, mdogo wake, familia imenituma nisome maisha yake.

Puseletso Ramakatsa alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 hapa Mokhotlong, milimani mwa Lesotho, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba, kisha akalima na mama yetu mtama, na bangi ambayo ikishavunwa ilifichwa chini ya magunia ya mtama. Tarehe 4 Aprili 1990 alifunga ndoa na Bwana Khoabane, wakajaliwa binti mmoja, Limpho.

Serikali iliporuhusu bangi ya dawa, mwaka 2018 ushirika wetu ulimpa kazi ya mbegu, azipande mbegu za mche mmoja na kuangalia kama watoto wake wote wanafanana kwa kimo, majani na siku ya kutoa maua, maana wanunuzi wa dawa hawataki mbegu zinazobadilika. Mwaka juzi, wiki ya ukaguzi, aliona mche mmoja wenye shina jekundu katikati ya miche ya kijani, na mumewe, ambaye ni mwenyekiti wetu, akamwambia, "Mama Limpho, ng'oa huo umpe mbuzi, nani atajua?" naye akajibu, "Mbuzi atajua, Baba Limpho, na Mungu naye." Akawaonyesha wakaguzi, mbegu zote zikakataliwa, tukakosa soko, wengine mkaacha kumsalimia kisimani, naye akaanza upya.

Oktoba mwaka jana alipatikana na kansa ya ini, akalazwa hospitali ya hapa, kisha ya Maseru, na kila tulipoingia wodini aliuliza, "Mashina yana rangi gani?" Tulimwambia yote ni ya kijani, lakini macho hayatoshi, majani yamepelekwa maabara kupimwa, leseni yetu inaisha mwezi huu, na hadi leo majibu hayajafika. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Machi 2026.

Limpho aliomba tutakaporusha mbegu kaburini, kama ilivyo desturi yetu, turushe na za mama yake, lakini marehemu mwenyewe alishakataa, akisema, "Msinizike na mbegu ambayo sijui itazaa nini." Kwa hiyo leo tutarusha mbegu za mtama na za maboga tu, zake zimebaki chunguni nyumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa shambani, majirani mliopika na kuchimba, nanyi mliorudi kumsalimia kabla hajaondoka.

Pumzika kwa amani, dada, majibu yakija, yawe mazuri au mabaya, tutapanda tena mlima huu kukuambia.