Nyusi za Mama Twende

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tensta, mlioko Kista, na nyinyi wa Tumba mnaosubiri treni kwenye baridi, karibuni. Leo tunamkumbuka Arnaq Petrussen. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Arnaq Petrussen, Muinuiti wa Greenland, ambaye sisi Waswahili wa Stockholm tulimwita Mama Twende.

Jina lilitoka wapi? Kiswahili chake chote kilikuwa neno hilo moja: twende. Kutulia hakukujua. Ukimpa chai anainywa amesimama, koti mwilini, jicho mlangoni. Binti yake, Ivalu, anasema, "Kiti cha mama nyumbani kilibaki kipya miaka yote. Sisi vyetu tulivichakaza."

Haraka ya nini? Sikilizeni hapa. Kwao Arnaq, mtoto akikubali jambo si lazima atamke neno. Anainua nyusi, basi, ameshasema ndiyo. Alipokuwa na miaka saba, mwalimu mgeni alimuuliza maswali darasani, naye akayajibu yote kwa nyusi. Mwalimu akaandika: hajibu. Akatolewa darasani, akawekwa na watoto walioitwa wazito wa kuelewa. Mwaka mzima, wasikilizaji. Lilimchoma jambo hilo hadi uzeeni. Ndiyo maana alizunguka mashule na maofisi akitetea watoto wa Kiinuiti, masomo yao na malezi yao.

Na sisi pia akatutetea. Alikuwa akipika katika shule moja, na hapo alimjua Aurore, mtoto wa Mama Kahindo wa Butembo. Aurore alikuwa na miaka saba. Watu wa ustawi wa jamii walipomhoji, aliinamisha macho, jinsi alivyofundishwa kumheshimu mkubwa. Wakaandika: anaogopa, huenda anateswa nyumbani. Kahindo alikuwa karibu kunyang'anywa mwanawe.

"Miye nilikuwa nalia tu," anasimulia Kahindo. "Nilijua mutoto anaenda. Halafu huyu mama akaingia, hata kukaa hakukaa. Akawauliza: mulimuuliza mutoto kwa nini haangalii?"

Alirudi ofisi ile mara sita. Mara ya sita walikubali kwenda kumwona Aurore nyumbani, mezani, akimtania mama yake kwa Kiswidi na kucheka hadi kumwaga maziwa. Faili likafungwa. Aurore akabaki kwao.

Tuseme ukweli, alikuwa msumbufu. Alikuwa na karatasi za kutiwa sahihi kila siku ya Mungu. Mimi mwenyewe niliwahi kujificha nyuma ya gazeti kituoni Tensta asinione. Alinipita mbio, na hadi leo naona aibu.

Mwezi uliopita kiharusi kilimlaza. Hakuweza kusema, wala mikono haikusogea. Aurore, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, alikwenda hospitalini kumtazama. Akamkuta muuguzi anauliza, "Una maumivu?" Muuguzi akangoja kidogo, akaandika: hajibu.

Aurore akamshika mkono wa kalamu. "Anajibu," akasema. "Mtazame nyusi."

Muuguzi akauliza tena. Nyusi zikapanda. Akaletewa dawa. Ivalu alikuwa safarini Kiruna, akaitwa haraka. "Nilizungumza na mama siku tisa," anasema. "Kila nilichomuuliza alinijibu."

Siku ya tisa Aurore aliinama sikioni kwake akamwambia neno lake lile lile: "Twende?" Nyusi zilipanda. Asubuhi ile ile akaondoka.

Ivalu, pole sana, dada yetu. Poleni jamaa zake mlioko Greenland. Mama Kahindo na Aurore, poleni, msiba huu ni wenu pia. Tuko nanyi.

Nasi tuliobaki, tujiulize ni watoto wangapi tumeshawaandika kuwa hawajibu, kwa kalamu au kwa mdomo. Leo mtoto wako akinyamaza mezani, usiwahi kusema hajibu. Mtazame usoni kwanza.