Mwanyumba Bila Nyumba

Seremala alikuwa ameshika simu tangu kikombe cha kwanza cha kahawa, na sasa yuko kwenye cha tatu. Jina lilishatokea kwenye kioo: Mwanyumba. Miaka kumi na miwili yeye na kinyozi wa mtaa wa pili waliitana hivyo, maana walioa dada wawili, toka nitoke. Sasa kinyozi na mkewe wameachana, wiki tatu hajaonekana kijiweni, na Seremala amemkumbuka. Ila ampigie, aseme haloo nani? Akawauliza wenzake wa kijiweni. Alijitakia mwenyewe.

— Mwanyumba ni mwana wa nyumba, alisema Spika, ambaye uspika alijipa mwenyewe. Nyumba ikivunjika, huo umwana utatoka wapi? Futa namba.

— Acha zako! aliruka Fundi Redio. Neno lenyewe lilikuwa “mwenye nyumba”. Wanaume wakawa wanalitamka kwa kunong'ona, wake zao wasisikie. Ndiyo likaliwa katikati.

— Nani kakwambia?

— Nimefungua redio ngapi mimi? Mambo ya ndani nayajua.

— Hujui kitu! alidakia Spika. Sikiliza. Zamani nyumba ya mkwe ilikuwa na milango miwili, kila mume na mlango wake. Mwanyumba ni yule wa mlango wa pili. Mke akiondoka, mlango unazibwa kwa tofali, kwisha habari.

— Kwa hiyo kinyozi sasa ni tofali?

— Kisheria, ni tofali.

— Jamani, alisema Seremala, mimi nina mtu wa kumpigia simu hapa. Nimwite tofali?

— Mwite ndugu mteja, alishauri Fundi Redio.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, hata wasimwone aliyesimama nyuma ya benchi, koti lake la kazi limejaa nywele za watu. Kinyozi mwenyewe! Hakumsalimia Spika wala Fundi Redio. Alimtazama Seremala tu.

— Mwanyumba, mimi na mke wangu tumeachana, sawa. Mimi na wewe tumeachana lini?

Spika akainamia kikombe chake. Fundi Redio akakohoa, kikohozi cha uongo kabisa. Seremala aliona haya, na alifurahi kuliko alivyoona haya. Akajibana kwa Spika, akampisha mwanyumba wake akae.