Goti la Mpiga Ngoma

Jumanne, tarehe 14 Novemba. Asubuhi mji wetu wa Tampere, huku kaskazini kwenye baridi, ulinyeshewa theluji iliyochanganyika na mvua. Ndani ya basi la kwenda kitongoji cha Lielahti nilikuwa nikisali kimoyomoyo, maana huku hakuna anayemsemesha jirani. Lakini kijana mwenye jaketi lililojaa viraka vya bendi alimaliza kulalamika kwenye simu kuhusu bendi moja ya roki, na mama aliyekaa kando yake akamgeukia. Masikio hayana kope, nikasikiliza.

"Unasema albamu yao mpya imepoa?"

"Kama uji wa jana, mama. Magitaa matamu, mwimbaji anapaa mpaka mbinguni. Ila ngoma za kupigwa kwa miguu zinajikokota. Mpigaji kachoka."

"Kachoka kweli," mama akasema huku akipiga mwayo. "Ni Raimo, mume wangu. Goti limekwisha, kila usiku namkanda. Daktari kamwambia aache, naye anang'ang'ania kwamba mashabiki hawajagundua kitu."

Kijana uso ukamwiva kwa aibu. "Nisamehe, mama, nimeropoka. Albamu nzuri sana!"

"Usinigeuke sasa! Jumamosi anawasainia mashabiki albamu dukani. Kamwambie."

"Mimi? Huyo ndiye aliyenifanya nipende ngoma!"

"Ndiyo maana atakusikia. Mimi kanizoea."

Basi likasimama. Abiria wote tulikuwa tukitazama madirisha kwa bidii, ingawa yalikuwa na ukungu mtupu. Kijana akafika mlangoni, akageuka, akasema kwa sauti:

"Jumamosi nitamwambia Raimo usoni kwamba miguu yake imechoka. Nyote mmenisikia."