Hidaya na Landrova Yake Mpakani mwa China

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo tunamkumbuka Hidaya Mwinjuma wa Kilakala, dereva wa Landrova. Hidaya huyo alikuwa mke wangu. Kwa hiyo sauti ikinikwama, mnivumilie.

Hidaya alishusha karoti na kabichi kutoka milima ya Mgeta miaka na miaka. Mvua, utelezi, yeye yuko kwenye usukani. Mimi nilikuwa utingo wake, na sioni haya kulisema.

Binti yetu Mwanvita aliolewa China. Akajifungua. Hidaya akataka kumpakata mjukuu wake. Moyo ulishaanza kumsumbua, lakini ndege hapandi. "Sibebwi hewani kama kiroba," akasema. "Nitaendesha." Tukaenda. Nchi baada ya nchi, penye bahari tunapanda meli, hadi mpaka wa Kazakhstan na China.

Hapo tukakwama. Wasikilizaji, tulikwama. Kuingia China na gari yako kuna mambo: leseni ya muda, namba za muda, mwongozaji wa kufuatana naye. Vyote tulikuwa navyo. Mkaguzi akainama kutafuta namba ya chesisi. Haipo. Zamani fremu ilipasuka kwenye barabara ya Mgeta, ile ambayo wakubwa huitengeneza kwa mdomo kila uchaguzi. Fundi akachomelea bamba la chuma. Bamba likafunika namba. Sote tulisahau.

Mkaguzi akataka uthibitisho kutoka nyumbani. Shemeji yangu Abeid akaenda kwenye ofisi moja, jina silitaji. Akatupigia: "Shemeji, bosi yuko semina." Kesho yake: "Mtandao hakuna." Tena: "Katoka semina, kaenda semina nyingine." Huku viza inakwisha.

Nikamwambia Hidaya, "Tuiache gari, tupande basi."

Akanitazama. "Hii ndiyo iliyomsomesha huyo Mwanvita. Niiache hapa kama mbuzi mgonjwa?"

Akampigia Mwanvita, simu akaiweka spika mbele ya mkaguzi. "Mwambie alete grenda. Bamba likatwe mbele ya macho yake. Namba isipoonekana, nageuza gari mwenyewe." Halafu akaongeza, "Mwambie tafadhali."

Mwanvita alituambia baadaye, "Nilitafsiri huku nalia. Mama sikuwahi kumsikia anamwomba mtu."

Mkaguzi naye ilibidi amsubiri mkubwa wake. Wakubwa ni wakubwa popote. Mkubwa akaja, akakubali. Cheche zikaruka. Bamba likadondoka. Chini yake kutu kidogo, halafu namba, nzima, hadi tarakimu ya mwisho. Hidaya akakaa palepale kwenye saruji, akacheka.

Alifika, wasikilizaji. Hidaya alifika. Alimpakata mjukuu wake, akambembeleza kwa Kiluguru, na mtoto akalala kana kwamba amezaliwa Kilakala. Tukarudi salama. Baada ya mvua za vuli Mungu akamchukua, kitandani kwake. Barua ya ile ofisi ilitufikia tumeshaanua matanga.

Pole Mwanvita, huko uliko. Pole shemeji Abeid na ukoo wote wa Mwinjuma. Pole zenu kwangu nimezipokea.

Na wewe uliyepewa mhuri, kama unasikiliza, tafakari. Huyo unayemwambia njoo kesho, amebakiwa na kesho ngapi? Hidaya zilimtosha. Chupuchupu, lakini zilimtosha. Alhamdulillahi.